Kibao cha Ami Seif

Wiki iliyopita nilimpeleka binti yangu kwenye duka la simu hapa Mabela, pembezoni mwa Maskati. Muuzaji alipolifungua boksi mbele yetu, harufu ya plastiki mpya, gundi na sponji ikanipanda puani, nikajikuta nimeshika ukingo wa kaunta. Binti yangu akaniuliza, "Mama, una nini?" Nikamwambia ni kizunguzungu tu. Hakikuwa kizunguzungu. Nilikuwa nimerudi utotoni, dukani kwa Baba, mtaa wa Khuwair ya Kusini, nimekaa sakafuni katikati ya maboksi, kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo.

Wa rika langu mtavikumbuka vile vikompyuta vya mkononi vya kuandikia kwa kijiti, vilivyokuja kabla simu haijabeba kila kitu. Ukimweleza kijana wa leo anadhani unamtania. Havikupiga simu, havikupiga picha, havikuwa na wimbo hata mmoja, na bado watu wazima walivitamani. Madaktari na watu wa mafuta walivivaa kiunoni ndani ya vifuko vya ngozi, na ilikuwa fahari kumwona mtu katikati ya mazungumzo anakitoa chake, anavuta kijiti, anaandika kidogo, anakirudisha.

Baba alikuwa wakala wa mojawapo ya kampuni za mwanzo kuvitengeneza, kampuni ya Amerika. Nyumbani hatukuitaja kwa jina. Baba alisema "Wenyewe." Wenyewe wamesema bei ishuke. Wenyewe wanatengeneza kipya, chembamba zaidi. Subirini, Wenyewe watajibu. Na kwa kuwa Bibi naye, akizungumzia ndugu zetu waliotawanyika Dubai, Mombasa na Uingereza, alikuwa akisema "wenyewe wanajijua," mimi nikaamini kabisa kwamba hao Wenyewe wa Baba ni jamaa zetu. Niliwawazia ni watu wakubwa wa ukoo, wenye nyumba kubwa mahali pa baridi, wanaotukumbuka na kututumia vitu.

Baba alipenda kunisimulia habari zao tukiwa dukani mchana, wakati wateja wamelala. Wenyewe walianza wakiwa watu wachache tu, ghorofani juu ya duka la viatu. Kibao chao cha kwanza, ndivyo tulivyokuja kuviita vikompyuta vile nyumbani, kilikuwa kizito kama tofali, na ukiandika neno hili chenyewe kinasoma lile, mpaka watu wakakifanyia mzaha magazetini. Karibu wafunge. Kisha mmoja wao akasema: tumekosea, tunakilazimisha kibao kijue mwandiko wa kila mtu duniani, kwa nini tusiwafundishe watu herufi chache nyepesi ambazo kibao kinazijua? Wakatunga herufi zao, kila moja unaiandika bila ya kuinua mkono. Kibao cha pili kikawa kidogo, kinaingia mfukoni, kinafahamu. Kikauzika dunia nzima.

"Waliona kosa lao wakalikubali," Baba alikuwa akisema, na uso wake ulijaa mapenzi kana kwamba amekuwepo mle chumbani juu ya duka la viatu. "Watu wa namna hiyo hawaanguki, Rayya."

Ami Seif alikuwa kaka yake Baba, mkubwa wake kwa miaka mingi, na alikaa nasi tangu alipofiwa na mkewe. Alikuwa amesomesha jiografia, kwanza Unguja, kisha Maskati, na sauti yake tuliisikia kabla ya gari lake. Akiingia barazani habari zote zinakuwa zake. Aliweza kuiga namna mzee fulani wa Malindi ya Unguja alivyokuwa akipiga chafya, na Bibi, mama yake, akacheka mpaka akaomba dua asife.

Sauti ile ikaanza kukwaruza. Ikakwaruza muda mrefu. Wakampeleka hospitali, akakaa huko, na siku moja nikamsikia Mama akimwambia jirani kwenye simu, "Wamemtoa sauti. Ndiyo, wameitoa kabisa, ilikuwa hakuna njia nyingine." Nikaelewa jinsi mtoto anavyoelewa. Kuna mtu ameingiza mkono kwenye koo la Ami, akaitoa sauti, na sasa imo mahali, kwenye chupa labda, au kwenye friji ya hospitali.

Ami alirudi na kitambaa cheupe shingoni na tundu chini yake lililokuwa likipumua. Wakampa daftari na kalamu. Hakudumu navyo. Tatizo la karatasi, kama nilivyokuja kufahamu baadaye, ni kwamba haisahau. Sisi tukigombana maneno yanapita, lakini yake yalibaki juu ya meza, chini ya mto, ndani ya pipa la taka. Mama aliokota kipande jikoni kimeandikwa, "Nimechoka na huruma zenu," akalia siku nzima, na hali Ami aliyaandika asubuhi na kufika adhuhuri hasira zilikuwa zimeshamtoka. Siku ile akalichana daftari lote. Kuanzia hapo akawa anaitikia kwa kichwa tu.

Ndipo Baba akaja na kibao. Alikitoa dukani, akamkalisha Ami, akamwonyesha zile herufi. Bibi alikuwa kando anawatazama. Ni yeye aliyekiita kibao, kwa kuwa kilimkumbusha vibao vya chuo cha Kurani walivyojifunzia alifu na bee.

"Unaandika hapa, kaka," Baba alisema. "Akishasoma uliyemwandikia, unagusa hapa, yanafutika. Hayabaki popote."

Ami akaandika taratibu, akamgeuzia Baba kioo. Baba akasoma kwa sauti: "Hata matusi?"

"Hata matusi."

Mabega ya Ami yakaanza kutikisika. Tulikuwa hatujawahi kumwona akicheka bila ya sauti, na kwa dakika moja tuliogopa.

"Alhamdulillahi," Bibi akasema, anajifuta macho. "Sauti yake imo humo sasa."

Basi nikajua iko wapi. Wenyewe walikwenda kuichukua hospitali wakaitia ndani ya kibao, na Baba ametuletea. Ami akilala mchana nilikuwa nikikitia sikioni nikasubiri. Mara moja moja nilisikia kama mlio mwembamba, mwembamba sana, nikaridhika kwamba imelala na yeye.

Bibi alikuwa na mtoto wa jicho na maandishi yale madogo hayakumfikia, kwa hiyo mimi nikapewa kazi ya kumsomea. Ami anaandika, ananigeuzia, nami natamka. Nilizisoma hadithi zake zote kwa sauti yangu nyembamba, mpaka ile chafya ya mzee wa Malindi: aliiandika kwa herufi nyingi zisizosomeka, nikajaribu kuitamka, nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko. Hakuna kazi niliyowahi kuipenda kama ile.

Kisha Wenyewe wakaja Maskati. Walikuwa wakizunguka nchi za Ghuba kuwatembelea mawakala wao, na Baba akawaomba waje kula kwetu chakula cha mchana. Mama na Bibi walipika tangu alfajiri. Mimi nilivalishwa nguo ya Idi. Wakashuka kwenye gari mwanamme mmoja mrefu mwenye uso uliochomwa na jua na mwanamke mwenye nywele fupi, na nilivunjika moyo kidogo kuona hawafanani na sisi hata kidogo.

Walikula pilau kwa adabu. Baba akawaonyesha Ami. Ami, kwa kuwa alisoma kwa Kiingereza na kusomesha kwa Kiingereza, akawaandikia mwenyewe, akamgeuzia kioo yule mwanamke. Mwanamke akasoma, akaweka kijiko chini. Akampa mwenzake kile kibao. Mwanamme naye akasoma, na macho yake yakawa mekundu.

"Kawaandikia nini?" Bibi akanong'ona.

Baba akatufasiria: "Kawaambia, nilikuwa nimeshatoka kwenye mazungumzo ya watu, nyinyi mmenirudisha."

Yule mwanamme akasema maneno marefu, mkono wake juu ya bega la Ami. Baba akayafasiri nayo, na sauti yake ilikuwa si ya kawaida. "Anasema waliviunda kwa ajili ya miadi na namba za simu. Hakuna aliyewaza jambo hili. Anasema maadamu kampuni ipo, Ami Seif hatokosa kibao."

"Waambie Mungu awazidishie," Bibi akasema. "Waambie nnawaombea wao na wazee wao."

Naamini yule mwanamme alikuwa mkweli. Nimelifikiria sana jambo hili, na bado naamini. Alikuwa mkweli kwa kadiri ya uwezo wake, na uwezo wake haukuwa mkubwa kama tulivyodhani.

Haikupita muda mrefu, ukaja waraka kutoka kwao. Betri za toleo lile zimeonekana zina kasoro; mawakala wote wavirudishe vibao walivyonavyo, watatumiwa vipya. Baba akafunga maboksi yote ya dukani. Mama alimkuta sebuleni anafunga na lile alilokuwa ameliweka kando kwa ajili ya Ami, la akiba.

"Na hicho nacho?" Mama akauliza.

"Kasoro ni ile ile. Nisubiri kije kimripukie mkononi?"

"Basi kibaki mpaka vije vipya."

"Anacho anachokitumia. Hicho cha mkononi mwake nitakirudisha mwisho, vipya vikishafika." Baba akakata utepe kwa meno. "Wenyewe wamesema wiki chache tu."

Wiki chache zikapita na nyingine zikapita. Rafu za duka zilikuwa tupu, na Baba alikuwa akizifuta vumbi kila asubuhi hivyo hivyo. Akipiga simu anaambiwa asubiri. Kisha akawa anajibiwa na mtu mwingine kila mara, anayemtaka aanze kueleza upya yeye ni nani. Halafu mchana mmoja akarudi nyumbani mapema, akakaa kwenye kochi na viatu vyake.

"Wameuzwa," alisema.

Bibi akashtuka. "Nani kauzwa?"

"Wenyewe. Kampuni yote. Khalas, imekwisha."

"Kawanunua nani?"

"Kampuni kubwa zaidi. Lakini hawataki vibao, mama. Wanawataka wale mafundi tu, akili zao. Vibao hawatengenezi tena."

"Na vile ulivyovipeleka?"

Baba akainama kufungua kamba za viatu. Ami alikuwa amekaa pembeni; akaandika, akanigeuzia mimi nimsomee Bibi, kama kawaida. Nikasoma: "Mwacheni apumzike." Ndipo nikaona kwamba M ya mwanzo ilikuwa imejiandika mara mbili, na Ami ameikazia macho.

Kioo kilianza kufa upande wa chini. Ukigusa hapa, kinasikia pale. Ami akaandika "maji," kikatoa upuuzi; akaandika tena, akaandika tena, na Mama aliyesimama mlangoni na bilauri mkononi akawa anasubiri ajue anataka nini. Halafu betri ikaacha kushika chaji. Kibao kikawa hakiwaki mpaka kiwe kwenye waya, kwa hiyo Ami akahamisha kiti chake ukumbini, karibu na plagi ya ukutani, na mazungumzo yake yakawa marefu kwa kadiri ya ule waya. Wageni walikaa barazani wakizungumza, wakicheka, na yeye yuko ukumbini anawasikia. Baadhi walimfuata huko, wakachuchumaa kando yake kidogo, kisha magoti yakawauma wakarudi barazani.

Baba alinichukua siku moja tukaenda Wadi Kabir, kwenye mitaa ya magereji, kwa fundi wa Kihindi aliyesifiwa kwamba hashindwi na kitu. Alikifungua kibao chini ya taa yake, akakitazama muda mrefu, akatikisa kichwa. "Hii spea mafi, sadik," alisema, akimwita Baba rafiki. Akafungua mikono kuonyesha hakuna. "Kampuni mafi, spea mafi." Akakifunga vizuri, akakifuta kwa kitambaa, na hakutaka kulipwa.

Mwishowe Baba alimeza fahari yake, akanunua kibao cha wapinzani, chenye vidude vidogo vya kubonyeza. Lakini mkono wa Ami ulikuwa umeanza kutetemeka kwa yale matibabu ya saratani ya koo aliyokuwa bado akipewa. Alibonyeza herufi mbili kwa pamoja, akafuta, akabonyeza tena, na alipoimaliza sentensi yake sisi tulikuwa tumeshahamia habari nyingine. Akakitia tena ndani ya boksi lake, na waya wake, na kitabu chake cha maelezo, akampa Baba kwa mikono miwili. Baba akamwekea daftari na kalamu juu ya meza. Vilikaa pale mpaka vikashika vumbi.

Kile cha zamani kiliacha kuwaka asubuhi moja na hakikuwaka tena.

Kwenye boksi lake palikuwa na namba ya simu ya Wenyewe. Mchana ule Baba alikuwa dukani, dukani kusikokuwa na kitu, na Mama kazini. Nikakaa sakafuni na simu ya mezani nikapiga zile tarakimu zote. Ikalia mbali sana. Mwanamke akajibu, akasema maneno kwa Kiingereza, haraka, kisha muziki. Mimi nilidhani ni yule mwenye nywele fupi.

"Ni mimi Rayya," nikamwambia. "Mlikuja kwetu mkala pilau. Kibao kimezimika na sauti ya Ami imo ndani. Baba hawezi kuitoa. Nakuombeni mje mtutolee, au mtwambie vipi inatolewa. Hatutaki kibao kipya. Tunataka ile sauti tu."

Muziki ukaendelea. Yule mwanamke akarudi, akasema maneno yale yale, kwa sauti ile ile, akaondoka tena. Nikarudia tangu mwanzo, taratibu zaidi, labda hakunisikia.

Nilipogeuka, Ami alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui alikuwapo tangu lini. Akapiga magoti kwa tabu, akaichukua simu mkononi mwangu, akaisikiliza. Mabega yake yakaanza kutikisika, kitambaa cha shingoni kikapanda na kushuka. Nami nikacheka, kwa furaha, kwa kuwa nilidhani Wenyewe wamemjibu na wamemwambia jambo la kuchekesha. Nilimtazama usoni ndipo nikanyamaza. Kicheko chake na kilio chake vilikuwa vimekuwa kitu kimoja, na mimi, niliyekuwa msomaji wake, sikuweza kuvitenganisha. Hata leo siwezi.

Bibi ndiye aliyenambia kweli, siku ile ile, baada ya kumsimulia. Alinivuta akanipakata, ingawa nilikuwa mkubwa mno kupakatwa.

"Sauti haimo humo, mwanangu," alisema. "Wameikata wakaitupa. Nnajua tulikwambia vingine. Na sisi tulikuwa tunajipa moyo."

"Basi atasema vipi?"

Bibi alikuwa akinisugua mgongo kwa mkono wake mkavu, juu, chini, juu, chini. "Mimi mama yake," alisema mwisho, "na sina la kumfanyia."

Maradhi yalirudi kwenye kifua cha Ami mwaka uliofuata. Baba alikuwa ameshalifunga duka, amepata kazi ya afisini kwenye wizara, na kila akitoka kazini alipitia hospitali. Siku nyingine alinichukua mimi. Ami alikuwa amekonda hata nikashindwa kumtazama kwa muda mrefu, mkono mmoja umefungwa mipira ya dawa, mwingine umelala juu ya shuka.

Mara ya mwisho nilipomwona, ilikuwa ni alasiri, jua limejaa dirishani. Mimi nilisimama mwisho wa kitanda, kwenye miguu yake. Baba aliinama karibu naye.

"Kaka, nisamehe," alisema. "Ningekiacha kile cha akiba. Mama Rayya alinambia nikiache."

Ami alifumbua macho. Akautafuta mkono wa Baba, akaugeuza, na kwa kidole chake cha shahada akaanza kuandika juu ya kiganja. Aliandika taratibu, akapumzika, akaandika tena. Kidole kilikuwa kinatetemeka, kinakwenda kombo, kinarudi pale pale kilipokwisha kupita. Baba alikikazia macho kiganja chake, midomo inachezacheza kama mtoto anayejifunza kusoma. Mimi kutoka niliposimama niliona mgongo wa ule mkono tu.

Ami alipomaliza alimtazama Baba usoni, akisubiri.

"Nimekufahamu, kaka," Baba alisema. "Wallahi nimekufahamu. Tulia."

Ami akafumba macho, na uso wake ukalegea. Tukakaa naye mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha na nesi akaja kututoa.

Tulipofika kwenye gari, Baba hakuliwasha. Aliiweka mikono yake juu ya usukani. Nikamwuliza, "Baba, Ami kakwambia nini?"

"Sijui, mwanangu," alisema. "Sikuifahamu hata herufi moja."